Jinsi ya kuuza pampu ya sola mbele ya kikundi cha wakulima: mwongozo kamili, kuanzia kupima kisima mpaka kufuatilia mteja

Vijana wengi wanaoingia kwenye mauzo ya pampu za sola wanafundishwa bidhaa tu. Wanajua wati, wanajua volti, wanajua paneli imetoka kiwanda gani, alafu wakifika kijijini wanamwaga vyote hivyo kwa saa nzima, wakulima wanasikiliza kwa heshima, wanakunywa soda, wanapiga makofi, wanasema "tumekuelewa mwanangu, tutakutafuta" na hakuna anayempigia. Tatizo sio bei na wala sio wakulima kuwa wagumu, ni kwamba muda wote huo aliyekuwa anaongea ni muuzaji na namba zote zilikuwa za muuzaji.

Mi ninachokiamini kwenye hii kazi ni hiki: prezentesheni inauza pale mkulima anapofanya hesabu yake mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, kwa kutumia petroli anayoinunua yeye na kisima alichokichimba yeye. Kazi yako ni kumwandalia mazingira ya hiyo hesabu basi. Ntaelezea kwa mfano wa kikundi cha wakulima wa mboga na vitunguu, watu wa maeneo kama Ilula, Ruaha Mbuyuni au Mang'ola ambao tayari wanamwagilia kwa pampu za petroli, maana hao ndo wateja hasa wa hiki kitu. Ila hata kama unauza mashine ya kusaga au bima ya mazao, utaratibu unashabihiana sana.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua, kabla hujaenda kuongea

Kikundi kina watu 25, lakini watakaoamua kama kijiji kinunue au kisinunue ni watatu au wanne, na mara nyingi hao hawakai mbele. Kuna mwenyekiti wa kikundi, huyo anakupa nafasi ya kuongea tu. Kuna mkulima ambaye wenzake wanamwangalia, akipanda aina mpya ya mbegu mwaka huu mwakani nusu ya kijiji wanapanda. Kuna fundi wa pampu za petroli wa pale pale. Huyu fundi watu wengi wanamsahau na ndo kosa kubwa kuliko yote, maana ukija na kitu kinachomuondolea riziki yake bila hata kumsalimia, ukishaondoka ataulizwa "fundi, ile sola vipi?" na jibu lake ndo litakalobaki kijijini.

Kwahiyo nenda siku kadhaa kabla. Anza ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, saini kitabu cha wageni, onyesha barua ya kampuni. Muone afisa ugani wa kata, yeye anajua nani ana eka ngapi na nani kisima chake hukauka. Alafu mtafute fundi, kaa naye, muulize pampu za hapa zinasumbua nini, na mwambie wazi kwamba utahitaji mtu wa kufunga na kuhudumia mashine zako hapa kijijini. Kama kampuni yako ina utaratibu wa kufundisha mafundi mwingize. Kama haina, bora uusemee ofisini kwenu uanzishwe kwanza, kwa sababu pampu isiyo na fundi wa karibu haistahili kuuzwa kijijini.

Na jambo la ndani ya nyumba pia. Pampu ya milioni moja na kitu hainunuliwi na mtu mmoja. Ukialika akina baba peke yao jibu utakalopata ni "ngoja nikaongee na mama watoto", ukialika akina mama peke yao ni "ngoja nikaongee na mzee", na wako sahihi kabisa. Muombe mwenyekiti aalike kaya, mtu na mwenzake.

Hatua ya 2: Pima kisima

Hii ndo inayotenganisha muuzaji na mpiga porojo. Kabla ya siku ya mkutano nenda kwenye visima viwili vitatu na mahali wanapovuta maji mtoni, ukiwa na kamba yenye jiwe mwishoni na futi ya mkononi. Shusha kamba mpaka jiwe liguse maji, pima. Alafu shusha mpaka chini kabisa, pima tena, hapo unajua kina cha maji yenyewe. Halafu uliza swali ambalo ni la muhimu kuliko vipimo vyote ulivyochukua: mwezi wa 9 na wa 10 maji yanashuka mpaka wapi? Ukipima mwezi wa 5 masika yakiwa yametoka kuisha utaona maji yako mita 3, ukauza pampu ya mita 3, alafu kiangazi kikikolea yakawa mita 8 na wewe namba yako ya simu inaanza kuwaka.

Hapa lazima uelewe mambo ya uvutaji. Pampu inayokaa juu ya ardhi, ile inayovuta kwa mpira, haiwezi kuvuta maji kutoka kina chochote unachotaka. Kinachosukuma maji kupanda kwenye ule mpira ni mgandamizo wa hewa, na kimahesabu mwisho wake ni kama mita 10 usawa wa bahari, ila kwa vitendo hesabu mita 6 au 7, na ukiwa sehemu za miinuko inapungua zaidi kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi. Hii haijalishi pampu ina nguvu kiasi gani. Kisima kikiwa na maji mita 9 kwenda chini, mteja anahitaji pampu ya kuzamisha, yani ile inayoingia majini yenyewe na kusukuma kutoka chini. Ukimuuzia ya juu umemuibia, hata kama hukukusudia.

Pima pia mwinuko kutoka kisimani mpaka shambani na urefu wa mpira. Kila mita ya kupanda inapunguza maji yanayotoka. Kwenye karatasi ya pampu kuna mchoro unaoonyesha mwinuko fulani unatoa lita ngapi kwa saa, ujifunze kuusoma vizuri na usiishie kwenye ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo ni ya pampu ikisukuma maji bila mwinuko wowote.

Kama wanavuta mtoni uliza habari ya kibali. Matumizi ya maji ya mto yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde husika, na kikundi kikiwa hakina kibali cha kutumia maji ni vizuri wajue mapema wakaanze kufuatilia, sio waje washtuke wakati pampu ishafungwa.

Hatua ya 3: Siku na saa

Usiende siku ya gulio au mnada. Usiende Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Kukitokea msiba ahirisha, nenda ukahani kama wengine, prezentesheni itafanyika wiki nyingine. Na kama una uwezo wa kuchagua msimu, nenda wakati watu wanatoka kuvuna na kuuza, au wiki chache kabla vikoba havijavunja mzunguko, maana pesa ikishagawanywa inapata kazi ndani ya siku mbili.

Saa nzuri ni saa 4 asubuhi. Wakulima wanakuwa wametoka kumwagilia na jua limeshasimama. Kati ya saa 4 na saa 9 alasiri ndo pampu ya sola inaonyesha uwezo wake. Wale wanaochelewa njiani wakafika saa 10 jioni wakafunga mtambo hivo hivo, maji yanatoka kama mkojo wa mtoto, na kijiji kizima kitakumbuka hicho walichokiona. Ukichelewa kiasi hicho omba radhi, panga siku nyingine.

Hatua ya 4: Vitu vya kubeba

Pampu unayoiuza, ile ile, sio kubwa zaidi yake. Paneli zake zile zile. Mpira wa urefu unaofanana na wa shamba halisi. Ndoo ya lita 20, moja nyeupe ambayo kila mtu anaijua. Karatasi kubwa za kubandika na kalamu nene, ubao mdogo ni bora zaidi. Kitenge au khanga, ntakwambia kazi yake. Kamba na futi. Profoma tupu zenye muhuri, yani karatasi za kumwandikia mteja bei kabla hajanunua. Kalamu za kutosha na daftari dogo dogo za kugawa, hizo ni muhimu kuliko fulana na kofia.

Projekta acha. Umeme unaweza usiwepo, mwanga wa mchana unaua picha, na watu wakianza kuangalia slaidi wanageuka watazamaji.

Hatua ya 5: Maji kwanza, maneno baadae

Mkutano ufanyike shambani, kisimani, usikubali kufanyia darasani. Mwenyekiti atafungua, atakutambulisha, salimia wazee kwa shikamoo zao, taja jina lako na kampuni yako, sema umekuja kuonyesha pampu, na useme na bei iko wapi takribani ili watu wasikae wanahisi wanafichwa kitu. Dakika tatu hazizidi. Alafu washa.

Au tuseme hivi, usiwashe wewe. Mtafute mtu mmoja, mama mtu mzima ni mzuri zaidi kuliko kijana, muombe aunganishe plagi za paneli na abonyeze swichi. Pampu ya petroli wengi wao huwa wanategemea kijana wa kuivuta kamba, kwahiyo wakiona mama Fulani kabonyeza kidole maji yametoka, umeshasema jambo ambalo ungelieleza kwa nusu saa na wasikuamini. Wape nafasi wabebe paneli wasikie uzito wake, waguse mpira, wasikilize kelele hamna. Nyamaza kabisa hapa. Watu watauliza wenyewe na maswali yao yatakupa mpangilio wa maongezi yako kuliko ulivyoandika nyumbani.

Jambo la usalama, waambie mapema na urudie: jua likiwaka paneli ina umeme muda wote, hamna swichi ya kuizima, na plagi za paneli hazichomolewi pampu ikiwa inafanya kazi. Zima pampu kwanza ndo uchomoe.

Na jambo la uaminifu. Usiwe unageuza geuza paneli kufuata jua wakati wa demo kama shambani kwake itafungwa sehemu moja. Iweke itakavyokaa, kwetu huku kusini mwa ikweta inaelekea kaskazini kwa mlalo kidogo, iache hapo hapo. Maji yatakayotoka ndo maji yake ya kweli.

Hatua ya 6: Ndoo na simu

Sasa unamuita kijana mwenye simu afungue saa ya kuhesabu sekunde. Mwingine anashika ndoo ya lita 20. Kundi lote linahesabu. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 40. Andika kwenye ubao, na uache wao ndo wapige hesabu: lita 20 kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, kwa dakika ni lita 30, kwa saa ni lita 1,800. Siku ya jua zuri hesabu saa 5 za nguvu kamili, asubuhi na jioni inatoa lakini kidogo. Hiyo ni lita 9,000 kwa siku.

Sasa swali linalofuata utalijibu kwa namba au utalikimbia, na wauzaji wengi wanalikimbia: lita 9,000 zinatosha shamba kiasi gani? Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwahiyo kila milimita 1 kwenye eka ni kama lita 4,000. Mboga wakati wa kiangazi zinatumia kama milimita 4 mpaka 5 kwa siku, hiyo ni lita 16,000 mpaka 20,000 kwa eka. Maana yake pampu hii waliyoiona ni ya nusu eka, na hapo ni kama anatumia dripu au anamwagilia kwa uangalifu kwa mpira. Kama anajaza majaruba kwa mifereji maji mengi yanapotea, haitafika hata hiyo nusu.

Sema hivyo hivyo mbele ya watu wote. "Hii pampu ni ya nusu eka. Mwenye eka mbili hii sio yake." Utaona watu wanainua vichwa, kwa sababu wamezoea muuzaji anayesema bidhaa yake inafaa kila mtu. Mwenye eka mbili hutampoteza, atakufuata pembeni kuuliza ya kwake ni ipi.

Alafu toa kitenge. Funika robo ya paneli, waone maji yanavyopungua, funika nusu, waone. Hilo ndo jibu la swali la mawingu na ndo jibu la kwanini paneli isikae chini ya mwembe. Usiwaambie inafanya kazi hata kwenye wingu, waonyeshe inafanyaje, waamue wenyewe. Siku ya mawingu mazito anaweza asipate maji ya kutosha, na ndo maana wengine wanaweka tenki juu ya kichanja, wanapandisha maji siku nzima wanamwagilia jioni.

Hatua ya 7: Hesabu ya mkulima

Hapa ndo moyo wa prezentesheni yote, usiharakishe. Gawa daftari na kalamu. Omba mtu mmoja ajitolee, mtu ambaye wenzake wanajua shamba lake, na muulize kwa heshima maswali haya huku unaandika majibu yake ubaoni. Bwana, kumwagilia mara moja unatumia lita ngapi za petroli? Kwa wiki mara ngapi? Vitunguu vyako vinakaa wiki ngapi shambani tangu kuhamisha miche? Oili? Plagi? Fundi msimu uliopita ulimpa shilingi ngapi? Na bodaboda wa kufuata mafuta?

Tuseme kasema lita 5, mara mbili kwa wiki, wiki 16. Ni lita 160. Bei ya petroli watataja wao, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo na kijijini kwenye chupa huwa ni juu ya hapo. Tuseme wamekubaliana 3,000 kwa lita. Ni 480,000. Oili, plagi na fundi kasema 60,000. Jumla 540,000 kwa msimu mmoja.

Ukishaandika hiyo 540,000 nyamaza. Kwa kweli nyamaza. Wengi hawajawahi kuijumlisha kwa sababu wananunua lita tano tano, na pesa inayotoka kidogo kidogo haiumi kama inayotoka kwa mkupuo. Wenzake wataanza kubishana, huyu atasema mi natumia zaidi, yule atasema wewe pampu yako inakula mafuta, acha wabishane, kila mmoja saivi anapiga ya kwake kwenye daftari. Asiyejua kuandika msaidie kimya kimya au muweke na jirani yake, usimwite mbele.

Usiwahi kumsahihisha mkulima namba yake mbele za watu hata kama unaona kapunguza. Akisema lita 3 andika 3. Hesabu ikitoka ndogo kiasi kwamba pampu yako haimlipi, basi haimlipi, na hilo utalisema pia.

Hatua ya 8: Bei, sasa

Taja bei ya mwisho, ile ya mpaka maji yanatoka shambani kwake: pampu, paneli, mpira, stendi, usafiri, ufundi na kodi. Ukitaja 1,400,000 alafu mpira na usafiri vikaja kuongezeka baadae, watu watasahau pampu watakumbuka kudanganywa. Tuseme jumla ni 1,900,000. Rudi kwa yule aliyejitolea, muulize yeye: misimu mingapi? Atapiga, mitatu ni 1,620,000, minne ni 2,160,000, kwahiyo kwenye msimu wa nne pampu imerudisha pesa yake. Analima misimu miwili kwa mwaka? Basi ni karibu miaka miwili. Imetoka mdomoni mwake.

Ongeza na upande wa pili wa hesabu. Kama ananunua kwa mkopo weka jumla ya marejesho yote, sio marejesho ya mwezi peke yake, "elfu 95 tu kwa mwezi" kwa miezi 24 ni 2,280,000 na mkulima ana haki ya kuiona hiyo namba ubaoni. Na mkulima wa vitunguu hana pesa kila mwezi, ana pesa akivuna. Kama kampuni yako inang'ang'ania marejesho ya kila mwezi sawasawa, pambana nao ofisini wakubali malipo yanayofuata mavuno, bila hivyo unauza mashine ambayo mtaenda kuichukua tena kwa watu.

Njia nyingine za pesa ambazo ufike ukiwa unazijua: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba, hapo profoma yako yenye muhuri ndo inayotakiwa kwenye andiko lao. AMCOS na SACCOS nazo, yani vyama vya ushirika vya mazao na vya akiba na mikopo. Wasaidie na karatasi hizo, ni kazi ya siku moja kwako na kwao inaweza kuchukua miezi.

Hatua ya 9: Maswali magumu, yapokee yote

"Paneli zitaibiwa." Hili litaulizwa kila mahali na ni la kweli. Usiseme haziibiwi. Paneli ndogo ya wati 100 inabebeka, mtu anaweza kuja nayo asubuhi na kurudi nayo nyumbani. Kubwa ya wati 300 na kuendelea ina kilo 18 hivi au zaidi, hiyo unaongelea stendi ya chuma, nati za kuchomelea, shamba karibu na nyumba au mlinzi wa pamoja. Waulize wao wanalindaje pampu za petroli saivi, mara nyingi jibu wanalo.

"Ikiharibika?" Hapa unamsimamisha yule fundi. Kama ulifanya hatua ya kwanza vizuri atajibu yeye. Alafu elezea gerentii kwa kutenganisha: paneli nyingi zina gerentii ya nguvu ya miaka 20 mpaka 25, lakini pampu yenyewe gerentii yake ni fupi zaidi, taja miaka yake kamili kama ilivyoandikwa, na taja kisichoingia kwenye gerentii. Mchanga ndo adui namba moja. Kisima chenye mchanga au mto wenye tope unakula pampu, chujio lisafishwe, pampu isikae chini kabisa kwenye matope.

"Kuna ya bei rahisi mjini." Usiiponde. Muulize kama wanatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa gerentii ya maandishi, na fundi wao yuko wapi. Kama majibu yote ni mazuri na bei ni ndogo, akanunue huko, na wewe rudi ofisini ukaulize kwanini bei yenu iko juu.

"Tutafikiria." Muulize kwa upole wanahitaji kujua nini zaidi ili kufikiria vizuri. Mara nyingi kuna swali lililobaki ambalo mtu ameona aibu kuuliza, na mara nyingi swali lenyewe ni la mkopo wa nyuma uliowasumbua. Likitoka lijibu.

Usilolijua sema utauliza, andika mbele yao, na upige simu na jibu siku uliyoahidi.

Hatua ya 10: Kufunga

Usiombe watu walipe pale pale, na hata mtu akitoa pesa mkononi usiipokee. Malipo yaende kwenye lipa namba au akaunti ya kampuni, na risiti itoke. Unachoomba siku hiyo ni kidogo zaidi: nani angependa nije kwake kupima kisima, bure? Hao ndo wateja wako, wanaweza kuwa wanne kati ya 25 na hiyo ni siku nzuri. Andika majina, namba za simu na eneo, na waambie namba hizo ni za nini. Tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sio suala la adabu peke yake, huruhusiwi kuzitumia kwa jambo lingine ambalo hukuwaambia, na namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, usiichukue mpaka pale mkopo unapohitaji kweli.

Waachie daftari zao zenye hesabu zao. Zitaenda nyumbani, zitasomwa jioni na mtu ambaye hakuja.

Hatua ya 11: Baada ya hapo

Piga simu ndani ya siku mbili, sio kuuliza umeamuaje bali kupanga siku ya kupima. Kwenye kupima unarudia hatua ya 2 na ya 7 kwa shamba la mtu mmoja, na kama kisima hakifai au eka ni nyingi mwambie. Mpe profoma yenye vipimo vya shamba lake vimeandikwa, kina cha maji cha kiangazi, mwinuko, urefu wa mpira, lita anazotegemea kwa siku. Karatasi hiyo inakulinda wewe na inamlinda yeye.

Siku ya kufunga rudia kipimo cha ndoo ukiwa naye na mwenzake wa nyumbani, muandike sekunde ngapi, wote msaini. Mwombe ruhusa shamba lake litumike kuonyesha wengine, na kama akikubali mlipe kwa namna mtakayoelewana kwa sababu wageni wanakula muda wake. Wafundishe wote wawili kufuta vumbi kwenye paneli na kusafisha chujio. Alafu weka kwenye kalenda yako kumpigia mwanzoni mwa mwezi wa 9, uulize maji yako mita ngapi na ndoo inajaa kwa sekunde ngapi, maana hapo ndo visima vinashuka na ndo malalamiko yanapoanza, na ukimpigia wewe kabla yeye hajakupigia mnalimaliza kwa kushusha pampu mita mbili.